Nyanya za asili za rangi: kutoka mbegu hadi mbegu katika bustani ya nyumbani, Uganda

Nyanya inayofika Nakasero au Owino, masoko ya Kampala, imepakiwa kwenye sanduku la mbao, imerushwarushwa na mashimo ya barabara, na imeshushwa ikiwa bado nzima. Ili ivumilie hayo inahitaji ngozi ngumu na nyama iliyoshikana, na wanaotengeneza mbegu wamekuwa wakichagua hivyo kwa miaka mingi. Nyanya ya asili, ile ya zambarau, ya chungwa, ya manjano au ya kijani yenye milia, ina ngozi nyororo na maji mengi. Pakia sanduku lake Mbale, utashusha rojo Kampala. Ndiyo sababu huioni sokoni, na anayeitaka hana budi kuipanda hatua chache kutoka jikoni kwake.

Kabla hujanunua hata punje moja, jua hili: nyingi ya nyanya hizi hazina kinga ya kuzaliwa dhidi ya magonjwa yaliyojaa katika udongo na hewa yetu, yaani mnyauko wa bakteria, bakajani, na virusi vinavyosambazwa na inzi weupe. Kinga hiyo utaitengeneza mwenyewe: kwa kuchagua udongo, kwa kuzuia mvua isiguse majani, na kwa kupanga tarehe ya kusia. Ukikosea mojawapo kati ya hayo matatu, dawa za dukani hazitakuokoa.

Kuchagua mbegu

Mbegu ya asili ni ile ambayo watu wameitunza msimu hadi msimu, ua lake hujichavusha lenyewe, na mtoto hufanana na mzazi. Chotara, yenye alama ya F1 kwenye pakiti, ni zao la wazazi wawili tofauti. Ukitunza mbegu zake, msimu unaofuata utapata miche ya kila namna. Money Maker na Marglobe, zilizozoeleka Uganda, si chotara, kwa hiyo unaweza kujifunzia kutunza mbegu kwa hizo huku ukisubiri za rangi.

Rangi yenyewe ina maelezo rahisi. Wekundu hutokana na likopini. Nyanya ya waridi ina nyama nyekundu ileile, ila ngozi yake haina rangi. Ile inayoitwa nyeusi au ya zambarau ina likopini pamoja na ukijani wa majani ambao haukuondoka ilipoiva. Nyekundu na kijani vikilaliana, jicho huona kahawia au zambarau. Ya kijani iliyoiva imebaki na ukijani lakini haikutengeneza likopini. Joto likizidi nyuzi 30 hivi za Selsiasi, likopini haitengenezwi vizuri, na ndiyo maana tunda lililochomwa na jua la mchana huiva na mabega ya manjano.

Anayeanza apande nyanya ndogo. Black Cherry hubeba mfululizo, husamehe makosa ya maji, na ladha yake ni nzito. Yellow Pear, yenye umbo la peasi, huzaa mno, ingawa kusema kweli sura yake ni nzuri kuliko ladha. Green Zebra ina milia ya kijani na manjano na uchachu mzuri kwa kachumbari. Si ya kale, kwani iliachiliwa mwaka 1983 na Tom Wagner wa Marekani, lakini mbegu zake huzaa kitu kilekile. Cherokee Purple ndiyo tunayoipendekeza kwa anayetaka nyanya kubwa ya kwanza. Tunda lake lina gramu 250 hadi 350, na jina hilo lilitolewa na Craig LeHoullier baada ya kutumiwa mbegu na John D. Green wa Tennessee mwaka 1990. Black Krim, iliyochukua jina la rasi ya Krimea, ina ladha ya chumvi kidogo ila hupasuka upesi ikinyweshewa ovyo. Kellogg's Breakfast ni kubwa na ya rangi ya chungwa iliyokolea.

Brandywine iache hadi msimu wa pili au wa tatu. Ni nyanya ya waridi yenye majani kama ya kiazi, na ladha yake ni ya pekee, lakini hukomaa polepole, huzaa matunda machache, na hudondosha maua usiku ukiwa wa joto. Kabale, Kapchorwa na Fort Portal, ambako usiku ni wa baridi zaidi, zinaifaa kuliko Gulu au Moroto.

Kuleta mbegu kutoka nje kunahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka Wizara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi, pamoja na cheti cha afya ya mimea cha nchi inakotoka. Usiuone huo kuwa urasimu wa bure. Kuna virusi na bakteria vinavyosafiri juu ya mbegu ya nyanya, na bustani moja inaweza kuambukiza mtaa mzima.

Tarehe ya kusia

Karibu na ikweta mchana una saa 12 mwaka mzima na nyanya haijali urefu wa mchana, kwa hiyo hakuna mwezi ambao haiwezi kuota. Kinachoamua ni mvua. Lengo ni mche ukue mvua zikielekea mwisho, na matunda yaive katika kiangazi.

Kampala, Jinja, Masaka na maeneo yote yenye misimu miwili: sia mwanzoni mwa Aprili, pandikiza katikati ya Mei, anza kuvuna mwishoni mwa Julai au Agosti. Au sia katikati ya Oktoba, pandikiza mwishoni mwa Novemba, vuna Februari. Msimu huu wa pili ndio bora zaidi kwa aina nyeti, maadamu una maji ya kunyweshea mwezi wa Januari. Kaskazini, Gulu, Lira au Arua, mvua huendelea hadi Oktoba au Novemba: sia mwanzoni mwa Septemba ili maua yafunguke Novemba, kabla ya joto kali la Januari hadi Machi. Mchana ukipita nyuzi 32 chavua hufa, na maua hudondoka hata mmea ukiwa na afya kamili.

Kitalu

Changanya ndoo 2 za udongo wa juu kutoka mahali pasipowahi kupandwa nyanya, ndoo 1 ya mboji iliyooza kabisa, na ndoo 1 ya mchanga wa mtoni. Chekecha. Halafu upike kwa mvuke, hatua ambayo wengi huiruka na kuijutia. Chukua pipa au sufuria kuukuu, weka maji ya kina cha vidole vinne, weka wavu wa chuma juu ya mawe ndani yake, mimina udongo wenye unyevu mdogo juu ya gunia lililotandikwa kwenye wavu, kisha funika. Zika kiazi mviringo katikati ya udongo. Moto ukikolea na kiazi kikaiva hadi ndani, kazi imekwisha. Wadudu na vimelea vya kinyausi, ugonjwa unaoangusha miche michanga, wamekufa. Acha upoe siku mbili kabla ya kutumia.

Kisha fuata mpangilio huu:

1. Toboa matundu matatu chini ya vikombe vya mtindi au chupa za maji zilizokatwa, zenye kina cha sentimita 7 au zaidi. Jaza udongo, ushindilie kidogo kwa kidole.
2. Weka mbegu 2 kila kikombe, kina cha nusu sentimita hadi 1. Zikizama zaidi ya hapo, nyingi hazitoki.
3. Andika jina la aina na tarehe kwa penseli juu ya kipande cha plastiki cheupe. Wino wa kalamu hufutwa na jua, na miche ya nyanya nyekundu na ya zambarau haitofautiani hata kidogo.
4. Simamisha vikombe kwenye beseni lenye maji ya sentimita 2 hadi udongo wa juu ulowe, kisha vitoe. Kumwagia juu hufukua mbegu.
5. Funika kwa nyasi kavu au gazeti, uweke kivulini penye joto. Mbegu nzuri hutoka siku ya 5 hadi ya 8; ya zamani inaweza kuchukua siku 14.
6. Siku ile unapoona kichwa cha kwanza, ondoa kifuniko na peleka vikombe kwenye mwanga, chini ya wavu mwembamba wa kuzuia wadudu. Ukichelewa siku mbili tu, miche itarefuka kama uzi na haitapona vizuri.

Mche ukiwa na majani mawili halisi, achana na ule dhaifu kwa kuukata na mkasi. Ukiung'oa utatikisa mizizi ya mwenzake. Uliobaki uhamishie kwenye kikombe cha nusu lita, shina likizikwa hadi karibu na majani ya kwanza ya mbegu. Mwagilia udongo wa juu unapokauka. Mche ukisinyaa usawa wa ardhi na kuanguka, hiyo ni kinyausi, ugonjwa wa maji mengi na hewa haba: ondoa ulioanguka pamoja na udongo wake na upunguze maji kwa iliyobaki.

Wiki ya mwisho uuzoeze mche jua kamili na kiu kidogo. Ulio tayari una siku 30 hadi 40, urefu wa sentimita 15, majani 4 hadi 6, na shina nene kama penseli. Mrefu kuliko huo wenye shina jembamba si mche mkubwa, ni mche uliokosa mwanga.

Udongo wa kuhamishia

Bakteria wa mnyauko hukaa ardhini miaka mingi, na hawaishi kwa nyanya peke yake. Uliza historia ya kiwanja kwa miaka 3 au 4 iliyopita: kama palipandwa nakati, ntula au katunkuma (jamaa za nyanya chungu), biringanya, pilipili, viazi mviringo au tumbaku, tafuta mahali pengine. Nakati hasa hupotosha watu pembezoni mwa Kampala, kwa sababu ni mboga ya majani na hakuna anayeifikiria kuwa ndugu wa nyanya. Angalia pia maji ya mvua yanakotoka. Shamba la jirani likiwa juu yako, mtaro wake unakuletea ugonjwa; chimba mfereji wa kuukinga. Jembe na gambuti za kuazima zioshwe kabla hazijaingia.

Ambapo historia haijulikani, usibahatishe. Panda kwenye jerikani la lita 20 lililokatwa mdomo, au gunia la ujazo huohuo, mche mmoja kwa chombo, matundu sita chini, udongo mpya. Nyanya ndogo huridhika na lita 20. Cherokee Purple na Brandywine hupenda 30 hadi 40.

Kwenye ardhi, tengeneza tuta la upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 20 hadi 25, penye jua la saa 6 au zaidi. Udongo mwekundu wetu mara nyingi una asidi kuliko nyanya ipendavyo (kiasi kizuri ni pH 6.0 hadi 6.8). Nyunyiza jivu la kuni, kama gramu 100 kwa mita ya mraba, wiki tatu kabla ya samadi. Ukivichanganya pamoja, naitrojeni ya samadi hupotea hewani.

Shimo liwe sentimita 30 kwa 30. Changanya udongo uliotoka na lita 5 za samadi iliyooza, pamoja na vizibo viwili vya soda vya mbolea ya DAP, takriban gramu 10. Rudisha, kisha funika kwa sentimita 5 za udongo mtupu ili mizizi isiungue. Samadi ya kuku ioze miezi mitatu kwanza. Nafasi: sentimita 60 kati ya mche na mche, mita 1 kati ya mistari. Utaona ni kubwa mno siku ya kwanza, na mwezi wa pili utashukuru.

Pandikiza jioni. Ondoa majani ya chini na uzike shina hadi chini kidogo ya majani yaliyobaki, kwani sehemu yote iliyofunikwa huota mizizi. Zungushia shina pete ya plastiki iliyokatwa kutoka kikombe, nusu ndani ya udongo nusu nje, dhidi ya sota wanaokata miche usiku. Mwagilia lita 1 kila mche. Baada ya wiki moja, tandaza majani makavu ya ndizi unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina.

Paa

Kama una fedha za kitu kimoja tu zaidi ya mbegu, nunua plastiki angavu ya kuhimili jua, ile ya nyumba za kukuzia mimea. Bakajani chelewa inahitaji majani yawe na maji kwa saa kadhaa katika hali ya ubaridi. Majani yakikaa makavu, haiingii. Simamisha nguzo za mita 2.3 mbele na 1.9 nyuma, tandaza plastiki juu tu, izidi tuta kwa sentimita 40 kila upande, na pande zote ziachwe wazi. Usizifunge. Chumba kilichofungwa Kampala huwa tanuri, na maua yatadondoka yote. Maji ya paa yaelekeze mtaroni au kwenye pipa. Yakianguka juu ya tuta umefanya kazi bure.

Mti, kamba na kupogoa

Aina za rangi nilizozitaja juu hazina mwisho wa kurefuka. Funga kamba ya katani au ya nailoni kutoka kwenye paa hadi chini ya kila mche, uzungushie shina kadiri linavyopanda. Au simika mti wa mita 2 siku ileile ya kupandikiza, kwa maana ukiuchomeka baadaye utakata mizizi. Fungo liwe legevu, umbo la namba nane.

Chipukizi linalotokea kwapani, kati ya jani na shina, livunje likiwa na sentimita 5. Acha shina moja kwa nyanya kubwa, mawili kwa ndogo. Baada ya kishada cha kwanza kufunga, ondoa majani yote yaliyo chini ya sentimita 30 kutoka ardhini, maana ugonjwa huanzia kwa tone linaloruka kutoka udongoni. Hapo ishia. Vijitabu vingi vya nchi za baridi hushauri kuondoa majani ili jua lifikie matunda. Kwa jua letu hiyo ni kuyachoma. Alama nyeupe kavu kama karatasi upande wa jua ndiyo ushahidi. Pogoa asubuhi majani yakiwa makavu, na anayevuta sigara anawe mikono kwa sabuni kwanza, kwani kuna virusi vya tumbaku vinavyohamia kwenye nyanya.

Maji na chakula

Mche mdogo unataka nusu lita kwa siku. Ukizaa, lita 3 hadi 5 kila baada ya siku mbili, mwanzoni mwa asubuhi, shinani, kamwe si juu ya majani. Chombo cha lita 20 kinaweza kuhitaji maji kila siku wakati wa Januari. Kunywesha sawasawa ni muhimu kuliko kunywesha maji mengi.

Kishada cha kwanza kikifunga matunda ya ukubwa wa punje ya njegere, weka kizibo kimoja cha mbolea ya CAN kwa mche, duara la sentimita 15 kutoka shinani, ukafukie. Rudia na NPK 17:17:17 kiasi hichohicho baada ya wiki tatu. Asiyetaka mbolea ya dukani aweke lita 1 ya mboji kila wiki tatu. Mmea wenye majani ya kijani kibichi kilichokolea, shina nene na maua machache umeshiba naitrojeni. Usiupe kitu mpaka uzae.

Yanayoharibika, na kwa nini

*Mnyauko wa bakteria.* Mmea wa kijani hulegea mchana, huonekana kupona usiku, na baada ya siku chache hauinuki tena. Majani hayageuki manjano kwanza. Thibitisha: kata shina karibu na ardhi, litumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka ndani ya dakika chache, ndio huo. Hauna dawa. Ng'oa na mizizi na udongo wake, choma, na usipande jamii ya nyanya hapo tena kwa miaka. Safisha kisu chako kwa jiki kabla ya kugusa mmea mwingine.

Njia ya kweli ya kuishi nao ni kubebesha. MT56, nyanya ya Makerere inayovumilia mnyauko huu, hutumika kama shina la chini, na aina yako ya rangi huwa juu. Sia MT56 siku tatu au nne kabla ili unene ulingane. Mashina yakifika milimita 2, kata yote mawili kwa wembe mpya kwa mshazari wa nyuzi 45, yaunganishe, na uyashike kwa kipande cha mrija wa plastiki kilichopasuliwa ubavuni. Weka miche ndani ya boksi lililofunikwa plastiki, gizani siku tatu, unyevu mwingi. Kisha ongeza mwanga na hewa kidogo kidogo hadi siku ya 10. Mara ya kwanza utapoteza hata nusu. Mche uliobebeshwa usizikwe: kiungo kikae sentimita 5 juu ya udongo, la sivyo sehemu ya juu itaota mizizi yake na kinga yote itapotea.

*Bakajani chelewa.* Madoa makubwa ya kijani iliyokolea kama yaliyolowa, yanageuka kahawia kwa siku mbili, na mashina hupata michirizi myeusi. Tunda huwa na doa gumu la kahawia. Mmea ulioshikwa shina hauponi. Utoe siku hiyohiyo. Mankozebu, gramu 40 hadi 50 kwa bomba la lita 20 kufuatana na karatasi ya pakiti, huzuia na haiponyi, hivyo hupigwa kabla ya ugonjwa, ukivaa glavu na kitambaa puani, na siku zilizoandikwa za kusubiri kabla ya kuvuna ziheshimiwe. Nyanya za sokoni zenye ukungu mweupe wa dawa zimetufundisha kinachotokea zisipoheshimiwa. Chini ya paa huenda usiihitaji kabisa. Bakajani tangulia, yenye miduara kama shabaha kwenye majani ya chini, haina haraka hivyo. Kata jani, endelea.

*Virusi vya kukunja majani.* Majani ya juu hujikunja kama kikombe, kingo huwa manjano, mmea hudumaa. Inzi weupe ndio wachukuzi. Wavu kitaluni ni kinga kubwa kuliko dawa yoyote, kwani mmea ukiambukizwa mchanga hauzai kitu. Ng'oa.

*Tuta absoluta*, nondo ambaye wakulima wa Tanzania humwita kantangaze, huchimba mifuko mipana ya rangi ya karatasi ndani ya jani, na tundu dogo karibu na kikonyo cha tunda. Chuma majani yaliyochimbwa kila siku ya pili, yafunge kwenye mfuko wa plastiki na uyaache juani wiki nzima. Bustani ya miche kumi inaweza kulindwa kwa mikono tu, faida ambayo mkulima wa ekari hana.

*Kuoza kitako.* Doa jeusi, bapa, kavu, chini ya tunda. Si ugonjwa. Kalisi husafiri na maji. Mmea ukikauka kisha ukalowa, ncha ya tunda hukosa. Maganda ya mayai huoza polepole mno kusaidia msimu huo, kwa hiyo usiyategemee. Rekebisha maji, ongeza matandazo, toa tunda lililoharibika. Kishada kinachofuata kitakuwa kizima.

*Kupasuka.* Mvua kubwa baada ya ukame hujaza tunda haraka kuliko ngozi inavyotanuka. Ukiona wingu zito, vuna yote yaliyoanza kugeuka rangi.

Kuvuna rangi usiyoizoea

Hapa wengi hukosea, kwa sababu macho yetu hungoja wekundu. Nyeusi na zambarau huiva zikiwa na mabega ya kijani. Angalia kitako kimekuwa rangi ya matofali, na ubonyeze, kilegee kidogo. Ukingoja mabega nayo, nyama itakuwa imelainika kupita kiasi. Green Zebra imeiva pale milia myepesi inapogeuka kutoka kijani hafifu kuwa dhahabu. Ya chungwa iache hadi rangi ikolee kote.

Unaweza kuchuma tunda likiwa nusu rangi na likaiva ndani ya nyumba bila kupoteza ladha ya maana. Huliokoa na ndege, na nyufa. Liweke kitako juu, kivulini, si kwenye jokofu. Chini ya nyuzi 13 ladha hupungua. Cherokee Purple iliyokatwa vipande vinene ndani ya rolex ya moto (chapati iliyokunjwa na mayai), na chumvi tu, haihitaji kitu kingine. Zenye maji mengi zisipelekwe kwenye mchuzi wa binyebwa (karanga), zitaufanya majimaji.

Kutunza mbegu

Chagua mmea kwanza, tunda baadaye: mmea uliobaki na afya kuliko wote, uliozaa vizuri, na ambao matunda yake yanalingana na aina uliyopanda. Kuwa na mimea mitatu au zaidi ya kila aina. Nyanya hujichavusha, lakini nyuki huweza kuchanganya, hasa kwenye Brandywine na nyinginezo ambazo sehemu ya ua inayopokea chavua hutokeza nje. Funika kishada kimoja kwa mfuko wa chandarua kabla maua hayajafunguka, ukitikise kila asubuhi ili chavua ianguke. Matunda yakiwa kama njegere, toa mfuko na ufunge uzi wa rangi kama alama.

Acha tunda liive kupita kiasi kidogo. Likamue mbegu na utelezi wake kwenye glasi, ongeza maji kidogo sana, funika kwa kitambaa, koroga mara mbili kwa siku. Kwa joto la Kampala siku 2 zinatosha. Siku ya 4 mbegu zitaanza kuchipua humohumo. Utando ukitanda juu, jaza maji: nzima zitazama, tupu zitaelea. Mimina, osha kwenye kichujio hadi maji yawe safi.

Kama mmea ulikuwa na madoa yoyote, lowesha mbegu kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25 kwa kutumia kipimajoto, kisha zipoze kwenye maji baridi. Kukisia hapa ni kuzichemsha.

Zianike juu ya sahani, si karatasi kwani zitagandana nayo, kivulini penye upepo, ukizigeuza, siku 5 hadi 7. Mbegu kavu huvunjika ukiikunja. Zitie kwenye bahasha yenye jina na tarehe, bahasha ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, pamoja na kitambaa cha mchele uliokaangwa mkavu na kupoa, ujazo sawa na mbegu, ili kunyonya unyevu. Mahali pa giza na ubaridi zitakaa miaka 4 au 5. Kabla ya kila msimu, kunja mbegu 10 kwenye karatasi laini yenye unyevu kwa siku 8; zikichipua chini ya 6, sia mara mbili ya idadi unayohitaji, na msimu huohuo tunza mbegu mpya.